Upande wa Mlango

Chenge, fundi bodi wa Kirumba, hana habari na karatasi. Ukimpelekea kazi anafagia sakafu ya karakana yake, anachukua chaki, anakuchorea kitu chako kwa ukubwa wake halisi, kisha anakuambia, "Haya, ingia ukae." Ndiyo maana asubuhi ile Nkwabi, mzee mzima mwenye wajukuu, alikuwa amelala chali juu ya saruji, mikono kifuani, akipima kitanda ambacho bado hakijawa kitanda.

"Miguu inatosha?" Chenge akauliza.

"Inatosha na inabaki," Nkwabi akajibu.

Wala usimcheke. Huyu mtu ameendesha malori maisha yake yote. Pamba ya Bariadi na Meatu, saruji ya kwenda Bukoba, mchele wa kwenda popote unapohitajika. Kitanda chake kilikuwa kiti cha dereva, magoti yamekunjwa chini ya usukani, koti ndilo shuka. Kwenye foleni ya kivuko pale Busisi, zamani kabla ya daraja, alilala humo humo, shingo imepinda mpaka ikazoea kupinda. Alipostaafu hakutaka shamba wala duka. Alinunua Kosta kuukuu iliyochoka kubeba abiria, akang'oa viti vyote vya nyuma, akasema ataigeuza nyumba amzungushe mke wake ziwa lote. Jirani zake wa Nyamagana walimwona kachanganyikiwa, na walimwambia hivyo hivyo, bila kuficha.

Lakini Nkwabi alikuwa na sababu yake. Mkewe, Getruda, hajawahi kulala safarini. Biharamulo, Karagwe, zile kona za kuelekea Bukoba ambazo ziwa linakutokea ghafla mkono wa kulia, vyote alivijua kwa mdomo wa mume wake, akisimuliwa huku analiloweka lile koti kwenye beseni. Siku moja alisema, bila hasira, "Hata ziwa la upande ule mimi naliona kwenye maneno yako tu." Nkwabi hakulisahau neno hilo.

Sasa, pale sakafuni palikuwa na Kosta mbili za chaki, ubavu kwa ubavu. Ya kwanza ilikuwa ya Nkwabi: kitanda kipana nyuma kabisa, jiko la gesi dirishani, meza ya kukunja, basi. Ya pili ilikuwa ya Getruda. Nyuma chumba chenye vitanda viwili vyembamba na mlango wake peke yake, jiko katikati, halafu ukuta wa mbao, na mbele ya ukuta vile viti viwili vya gari jinsi vilivyo. Kitanda kimoja cha Getruda, cha pili cha mama yake mzazi, Bibi Rebeka wa Kisesa.

Hapo ndipo penye kazi. Kwa watu hawa mama mkwe hashikwi mkono, kitanda chake hakionwi, na wala hulali mahali ukasikia anavyokohoa. Nkwabi na Bibi Rebeka wameheshimiana hivyo tangu siku ya posa. Wakikutana kila mmoja anatazama pembeni, na maneno yao yanapitia kwa Getruda hata kama wote watatu wamesimama uani. Basi kama bibi analala nyuma, Nkwabi alale wapi? Getruda alishalipatia jibu. Mbele, kwenye kiti. "Dereva kwenye kiti hajalala, amepumzika," alisema. "Hapo hakuna mwiko wowote."

Iliuma, tuseme ukweli. Mtu umestaafu kiti, unarudishwa kwenye kiti! Lakini Getruda aliendelea, "Mimi najua anayeachwa nyumbani anavyoishi. Kila gari likipunguza mwendo unainuka. Siwezi kwenda kutembea nikamwacha mama anainuka hivyo." Hayo Nkwabi aliyajua. Nestory, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa baba yake akiwa Meatu. Baba mkwe alizikwa lori likiwa limezama kwenye tope huko Biharamulo. Nkwabi akaja kwa Chenge peke yake, akamwambia afuate mchoro wa pili. Kile kitanda kipana alichokuwa amekilalia alikuwa anakiaga.

Bajaji ikasimama nje. Getruda alikuwa amemleta mama yake aje aone mahali pake. Nkwabi akainuka kwenye saruji mbio mbio, vumbi la chaki mgongo mzima, akaenda kuchuchumaa kando ya mitungi ya gesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akaitikia, macho juu kwenye mabati.

Akaingia na fimbo yake, pole pole, mpaka kwenye Kosta ya kwanza, akataka kukatisha.

"Mayu, hapo ni kitanda," Getruda akamwambia mama yake. "Mwanzo tulitaka kiwe chetu."

Bibi aliurudisha mguu haraka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaizunguka Kosta yote, kwa nje ya mstari.

"Bibi, ni chaki tu!" Chenge akacheka.

"Chaki ya kitanda cha mkwe," bibi akamjibu. "Pita wewe."

Kwenye Kosta ya pili aliingia vizuri, kwa mlango wa nyuma, akawekewa kigoda katikati ya kitanda chake. Akatazama huku na huku.

"Mimi nalala hapa?"

"Ndiyo, mayu."

"Na wewe?"

"Hapo, ubavuni kwako."

"Na mwenye gari?"

Getruda akanyoosha kidole kule mbele, ng'ambo ya ukuta wa chaki. "Pale. Kwenye kiti."

Bibi Rebeka alikitazama kile kiti. "Kwani amekosa nini?"

Chenge akajifanya anatafuta chaki. Nkwabi aliinamisha kichwa. Miaka yote ya kulala kitini hakujua kuna mtu angeuliza.

"Hajakosa kitu," Getruda akasema, sauti imeshuka. "Ni kwa ajili yako, mayu. Sitaki ubaki unanisubiri."

"Nani kakwambia nitakusubiri? Mimi nina kuku. Nina bata anaatamia. Nina Justa mdogo wako, nisipomsimamia anaunguza wali. Wewe umeniuliza lini kama nataka kulala kwenye basi?"

"Sijakuuliza."

"Eeh."

"Na ukiugua mimi niko Karagwe?"

"Justa ana simu. Utarudi. Na nikifa, acha nifie kwa kuku wangu, nisifie kwenye basi la watu!"

Getruda alicheka, na kicheko kikamgeukia kilio katikati, akajifuta kwa pindo la kitenge. Kisha akaenda kwenye ule ukuta wa mbao uliokuwa mstari mweupe tu, akaufuta kwa ndala yake, kwenda na kurudi, mpaka saruji ikatokea.

"Fundi," akasema, "fuata ule wa kwanza."

Nkwabi akasimama. Chenge, ambaye kwake kazi ni kazi, alikuwa tayari amepiga goti kwenye kitanda kipana. "Basi niambieni swichi ya taa niiweke wapi. Nani analala ukutani, nani upande wa mlango?"

"Mimi mlangoni," wote wawili wakasema kwa pamoja.

Wakatazamana.

"Dereva ndiye anayelala mlangoni," Nkwabi akasema. "Nisikie wezi wa matairi."

"Hata nyumbani mlangoni nalala mimi."

Ni kweli. Tangu astaafu, Nkwabi amekuwa akilala ukutani, pale alipokuta pana nafasi, na hajawahi kujiuliza kwa nini.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu Nestory mchanga. Upepo ukigonga mlango, nani mwingine angeamka, Baba Nestory? Panga lilikuwa chini ya godoro, upande wangu. Nimezoea tu."

Nkwabi amesimulia barabara zote za kanda hii, kila daraja na kila tope, wala hajawahi kumwuliza mkewe habari za huku nyumbani.

"Pole, Mama Nestory," akasema. Likamtoka dogo, akalirudia. "Pole sana."

Bibi Rebeka, alipoona wanakikaribia kile kitanda, alikwishageuka na kigoda chake, akatazama barabarani kwa bidii. Getruda akavua ndala, akapanda kwa pale penye mlango wa chaki, akajilaza na kitenge chake kizuri juu ya saruji, akasogea, akasogea tena, mpaka bega likafika kwenye mstari wa ukutani.

"Swichi mwekee yeye," akamwambia Chenge. "Mimi nalala ukutani."