Nimeolewa Dirisha Hili, Sijaolewa Dirisha Lile

Ipo siku moja naikumbuka kwa mkono huu wa kulia, maana uliuma hadi jioni. Niliupiga kwenye kioo cha ofisi ya kodi hapa Johannesburg, foleni nzima ikitazama. Karani akaruka nyuma na kikombe chake cha chai.

"Dada, utavunja!"

"Juzi mmeniambia sijaolewa. Leo mnataka hati ya talaka. Talaka ya nani, kama sijaolewa?"

Mtu nyuma yangu akacheka. "Eish, mama kasema kweli." Nikamgeukia nikamwambia sikuja kuchekesha watu.

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa mimi mwenyewe sijazeeka. Hasira humzeesha mtu kabla ya mvi. Kaa nikueleze.

Mimi na Idrisa tulioana Mayfair, mtaa wa hapa hapa Johannesburg. Shehe alisoma hutuba, mahari ikatolewa, pilau likaliwa, kina mama wa Kitanzania wakapiga vigelegele mpaka wenye maduka wakatoka kutazama. Nani angesema hiyo si ndoa? Nilimwomba Idrisa twende tukaiandikishe na serikalini. Akasema karatasi ni mambo ya Wazungu. Basi nikanyamaza, na kazini, nilikokuwa nauza vitambaa, nikaandika kwenye fomu ya kodi kwa fahari kabisa kwamba nimeolewa. Sikujua kuwa sheria ya huku haikuitambua ndoa ya shehe peke yake. Mbele ya Mungu mke, mbele ya karani msichana tu.

Binti yetu Salma alikuwa hajaanza kutembea Idrisa aliponiacha. Talaka ya mdomo, mashahidi wawili, begi mlangoni. Nikahamia na mwanangu mtaa wa Berea, hapa hapa mjini, chumba cha kukodi. Mwaka ule, ule wa kura ya kwanza ya watu wote, mzazi aliyeandikisha mtoto anayemtunza alikuwa akipunguziwa kodi. Nikaenda kumwandikisha Salma. Wakaniambia baba yake keshamwandikisha, na mtoto mmoja haandikishwi na watu wawili. Mambo ya Wazungu, eti! Yeye ndiye aliyeyakimbilia kwanza.

Nikampigia simu.

"Mama Salma, tulia bwana," akasema. "Mtoto ni wa baba. Hata serikali imekubali anaishi kwangu. Desemba nampeleka Durban, atalelewa na mama yangu."

Hilo punguzo la kodi ningelisamehe. Lakini mtu aliyemwona mwanangu mara moja kwa mwezi alikuwa anajitengenezea ushahidi wa kuninyang'anya.

Nikarudi ofisini. Dirisha la kwanza likasema, ndoa yako hatuitambui, wewe hujaolewa. Vizuri, nikasema, basi mniandikie mtoto kama mama asiye na mume. Wakaniambia nirudi keshokutwa, dirisha la pili. La pili likasema, wewe mwenyewe umeandika umeolewa, lete hati ya talaka ya mahakama. Mahakama gani itavunja ndoa ambayo sheria inasema haipo? Ndipo nilipokipiga kile kioo. Mlinzi, Mkongo mmoja mpole, akanitoa nje huku akisema, "Pole, mama. Hata mimi hapa wananiambiaga nirudi kesho."

Jioni nikaenda kwa Bi Zuhura, mzee wa Kitanga aliyekuja huku na mumewe, mpigania uhuru wa huku aliyerudi kwao kutoka uhamishoni. Yeye ndiye aliyesimamia harusi yangu. Nilitaka anionee huruma. Nikalalamika wee.

"Umemaliza?"

"Bado, bibi."

"Maliza, nakusubiri." Nilipomaliza akanikazia macho. "Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Kesho pale hawatakumbuka neno lako hata moja, watakumbuka kioo. Wazazi wako walikufikisha kidato cha nne uje kupiga vioo vya watu? Na katika kelele zote hizo, umewaambia mtoto analala wapi?"

Sikuwa nimewaambia. Wala wao hawakuniuliza. Sote tulikuwa tunagombania ndoa.

Mwanangu, nikuusie. Uolewe msikitini, kanisani au kwa lobola, mahari ya kimila ya huku, furahi na ule pilau. Kisha kaiandikishe ndoa serikalini, bwana harusi akinuna na anune. Usiandike kwenye fomu kwamba umeolewa kabla hujawauliza wao wanaita nini ndoa. Mkiachana, mwahi mwenzio kumwandikisha mtoto unayemlea. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Lakini malezi yasiyo na ushahidi, mjanja huyavaa kama koti lake. Na ukikasirika, kasirika kwa kalamu, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Salma wangu hakwenda Durban. Mungu akupe mwenza mwenye haya, akujalie ulimi mkali na mkono mtulivu, na watoto wako waamke kila asubuhi mahali unapowaona. Amina.

Nayo barua niliyoipeleka kwa mkuu wa ofisi ile, iliyomwondolea Idrisa ushahidi wake, kwa Kiswahili ni hii:

"Ndugu Mkuu, nalalamika rasmi. Ofisi yako imemwandika binti yangu kuwa anaishi na kutunzwa na baba yake. Si kweli. Anaishi nami Berea. Mwenye nyumba, muuguzi wa kliniki na mama anayemshika nikiwa kazini wametia sahihi hapa chini. Kama nimeolewa au sijaolewa, amueni wenyewe kwa wakati wenu. Mtoto halali katika ndoa, analala kitandani, na kitanda ni changu. Naomba dai la baba lifutwe, nami nijibiwe kwa maandishi yenye jina la aliyeamua."