Hadi Majani Yaote

Mafuta ya nazi yakipata joto la kiganja hutoa harufu isiyobisha hodi. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za nyumba ninayofanyia kazi, huku Rayyan, kando ya Doha. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imepita asubuhi na vumbi limetulia. Nikamimina mafuta kidogo mkononi, na kabla sijayafikisha kwenye kichwa cha mtu nikajikuta nina miaka saba, nina hasira, na namchukia mtoto anayeitwa Nura. Nitawasimulia, ila msinikimbize, maana jambo lenyewe lilikwenda taratibu mno.

Enzi hizo tuliishi Al Mansoura, chumba kimoja na jiko, juu ya duka la dobi. Baba alikuwa msimamizi wa madereva kwenye hoteli, ndiyo maana aliruhusiwa kutuleta mimi na Mama kutoka Lushoto. Mama alikuwa akimhudumia bibi mmoja wa Kikatari, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Wajukuu zake walimwita Yaddah, yaani bibi kwa Kiarabu cha hapa, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Mama alitoka asubuhi akarudi jioni, na mtandio wake ulirudi unanukia udi wa nyumba ile. Nilikuwa naunusa mtandio ule kila jioni nikihakikisha kwamba chini ya udi bado kuna Mama. Nadhani wivu wangu ulianzia hapo.

Baridi ikiingia, watu wa hapa hupiga mahema jangwani. Mwaka ule Yaddah aliamua kwamba hatakaa mahemani siku mbili tatu tu kama wenzake. Alitaka kukaa kaskazini, kwenye bonde dogo lenye mikunazi ambako baba yake alikuwa akilisha ngamia, na hakukubali kwenda bila Mama. Baba akauliza watakaa hadi lini. Mama akasema Yaddah anataka kuona majani.

Sasa, Baba alikuwa mtu wa milimani, na kwetu milimani kungoja kuna mwisho wake. Watu hukaa wanaitazama mbingu, mvua inanyesha, majani yanaota, kungoja kumekwisha, kila mtu anashika jembe lake. Kwa hiyo Baba aliposikia habari ya majani alielewa kwa namna ya kwao. Alinishika bega akaniambia, "Majani yakiota, mama yako anarudi." Hakunidanganya. Alikuwa ameelewa hivyo kabisa, na mimi nikaamini hivyo kabisa.

Alasiri ya mwisho Mama alinikalisha katikati ya magoti yake, akapasha mafuta kiganjani, akanisuka twende kilioni, ile mistari myembamba inayotoka kwenye paji la uso ikinyooka hadi kisogoni. Alinisuka kwa kukaza hadi macho yakanivutika. Alipomaliza akanigonga utosini na kitana na kusema, "Hizi nitazifumua mwenyewe." Alisema kama mtu anayetania. Mimi nililichukua neno lile kama kiapo.

Basi nikaanza kungoja majani. Jamani, Al Mansoura si mahali pa kungojea majani. Kilichobadilika kwanza ni kwamba viyoyozi vilinyamaza, nikasikia kwa mara ya kwanza jirani akikohoa. Kisha wauza maduka wakavaa sweta. Mbingu ikabaki ileile, nyeupe, imefungwa. Siku moja niliona majani mabichi yamechomoza kwenye ufa wa sakafu nje ya dobi, nikapanda ngazi mbio kumwita Baba. Aliteremka na kandambili zake, akainama, akayatazama kwa heshima, kisha akanionyesha bomba lililokuwa likidondosha maji juu yake. Akasema hayo ni majani ya kiyoyozi, hayahesabiki.

Mama alikuwa akipiga simu kila Ijumaa, akiazima simu ya dereva wa kina Yaddah. Nilikuwa na swali moja tu: yameota? Bado, alisema. Kisha Ijumaa moja akasema mvua imenyesha, maji yamesimama chini ya mikunazi. Nikacheza juu ya godoro. Ijumaa iliyofuata akasema maji yamekauka na matope yamepasuka vipandevipande. Nikauliza na majani je? Akacheka, akasema kuna kijani kidogo, ila si cha kuona ukiwa umesimama. Lazima ulale kifudifudi, uweke shavu chini, ndipo unaona kijani kimetanda juu ya ardhi kama ukungu.

"Nani amelala kifudifudi?" nikauliza.

"Mimi na Nura."

Hivyo ndivyo nilivyoletewa jina lile. Baba alinieleza baadaye kwamba Nura ni mjukuu wa Yaddah, rika langu, na mama yake yuko Uingereza masomoni. Sikuona kwa nini masomo ya mama wa mtu mwingine yanifanye mimi nilale bila Mama. Nilimwona Nura kichwani mwangu ameweka shavu chini karibu na shavu la Mama, na kwa kuwa siku hizo nilikuwa na jino bovu, usiku mzima maumivu ya jino na Nura yakawa kitu kimoja.

Wakati huo nywele zangu zilikuwa zimechakaa. Mistari ilivimba, ikatoa vishungi, ikawasha. Jirani yetu Mama Achieng', Mkenya aliyekuwa akipiga deki kwenye shule moja na ambaye kila Ijumaa alitoka kwenda kanisani Mesaimeer amevaa kofia kubwa, hakuweza kunipita kwenye ngazi bila kusimama.

"Wee Zuhura, hii kichwa imekosa mwenyewe? Kuja nikutoe hizo matuta, nikusuke zingine."

Nikamwambia ana mwenyewe, ila yuko safarini. Alimtazama Baba, Baba akatazama viatu vyake. Baba alikuwa amejaribu kunishawishi mara kadhaa, na kila mara nilijifungia chooni. Mwishowe alininunulia skafu yenye maua, tukafunika mambo.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo sikuhitaji kuuliza. Mama mwenyewe alianza, sauti imechangamka: majani yameota, Yaddah anasema mje mwone. Baba akaomba gari kwa rafiki yake. Mimi nikachukua begi kubwa la safari, tupu, la kutilia nguo za Mama. Baba alilitazama begi lile, akaliweka kwenye buti, na nikajua hata yeye alikuwa analitegemea.

Tulielekea kaskazini hadi nyumba zikaisha, tukaacha lami, tukafuata alama za matairi. Nitasema kweli: palikuwa pazuri, na uzuri ule ulinikera. Jangwa lote lilikuwa na rangi ya biskuti, halafu ghafla bonde lile, mikunazi imesimama na migunga midogo katikati yake, na chini yake kijani kibichi hadi kwenye vifundo vya miguu. Kulikuwa na vijiua vya njano vidogo kuliko ukucha wangu. Kulikuwa na vipepeo, ambao Al Mansoura nilikuwa nimewaona kwenye daftari tu. Wanawake walikuwa wanachuma majani fulani machachu na kuyala papo hapo. Baba alisimama akashika kiuno, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwao Lushoto msitu huu ungeitwa kichaka cha kufungia mbuzi, lakini niliona macho yake yamelowa.

Yaddah alikuwa ameketi kwenye zulia chini ya mkunazi, anapokea wageni. Magari yalikuwa yanaingia. Vijana walikuwa wanapigilia vigingi vya hema jipya. Baba alimsalimia vizuri, akaulizwa hali, akapewa kahawa, kisha akauliza kwa Kiarabu chake cha hotelini kama kambi itavunjwa leo au kesho. Yaddah alicheka hadi akashika magoti. Akasema maneno mengi, na Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akayageuza kwa Kiswahili bila kututazama.

"Anasema hajaona majani kama haya tangu aolewe. Anasema mtu haondoki majani yakiota. Sasa ndiyo kambi inaanza."

Hapo ndipo tulipoelewa. Wenzetu hawakuwa wamekwenda kungoja majani ili warudi. Walikuwa wanayangoja ili wakae. Na mimi ndiye niliyekuwa nimeyaombea dua kila swala, mvua inyeshe sana, yaote mengi, yaote haraka. Nikaenda kulitoa begi langu tupu kwenye buti, nikalikalia.

Ndipo Nura akatoka hemani. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni jekundu, anakula majani machachu. Nywele zake zilikuwa zimesukwa twende kilioni. Mistari ilikuwa mipya, inang'aa mafuta, imenyooka kutoka paji la uso hadi kisogoni. Nilikijua kile kitana. Niliijua hata ile tabia ya Mama ya kuukunja mstari wa mwisho nyuma ya sikio.

Sijui kama mmewahi kuona wivu unavyokuwa kwa mtoto. Hauumi moyoni, unauma tumboni. Nilivua skafu yenye maua, nikasimama mbele ya Mama na kichwa changu chenye vishungi, mistari yake mwenyewe ya tangu baridi inaanza, na nikaona anavyoziba mdomo. Akanyoosha mikono kunivuta. Nikarudi nyuma.

"Msuke huyohuyo," nikasema.

Sikula chochote. Nura alinisogelea akaninyooshea jani lake moja chachu, nikalitazama mpaka akalirudisha. Njiani Baba hakuwasha redio. Tulipofika nilipita mlango wetu, nikagonga kwa Mama Achieng', nikakaa sakafuni nikamwambia afumue. Alifumua polepole, mchanga na vumbi la miezi vikimdondokea kwenye kanga. Mimi nilikuwa nalia na yeye alikuwa anajifanya anatafuta mafundo.

Mama alirudi joto lilipoanza, majani yalipogeuka manyasi makavu na Yaddah mwenyewe akachoka. Alileta begi la nguo na mfuko wa kunazi. Jioni ile akakaa kwenye godoro, akaweka chupa ya mafuta pembeni na kitana mapajani, akatanua magoti. Nikatoka nikaenda kusukwa kwa Mama Achieng'. Kesho yake hivyo hivyo. Hakunilazimisha. Kila jioni alikaa pale na chupa yake, na mimi kila jioni nilipita mbele yake nikijifanya nina shughuli, hadi siku moja akasema, akitazama ukuta:

"Nura aliomba mwenyewe. Aliiona picha yako kwenye pochi yangu, akasema anataka kichwa kama kile."

Nikasimama. "Kama changu?"

"Kama chako. Na nywele zake zinateleza, kila asubuhi zimefumuka, naanza upya."

Msinicheke, lakini nilifurahi. Kumbe mtoto mwenye jangwa zima lenye vipepeo alikuwa ananionea wivu mimi. Nikaona hata huruma kidogo, juu ya nywele zile zisizoshika. Nikakaa katikati ya magoti ya Mama, akapasha mafuta, na kisa kikaishia hapo. Miaka yote niliyokua nilikuwa na habari hiyo mfukoni: kwamba aliomba mwenyewe.

Sasa rudini nami kwenye zile ngazi za nyuma. Baba ametangulia mbele ya haki. Mama yuko Lushoto, ananilelea Rehema, binti yangu, ambaye ana miaka saba. Mimi nimerudi Doha kulea watoto wa watu, ili wangu asome. Mdogo wa nyumba hii anaitwa Muna. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini yangu akichezea dimbwi la mvua kwa kijiti, amenipa kisogo, hana habari na mimi. Hakugeuka. Hakuomba kitu. Hajawahi kuonyeshwa picha ya mwanangu. Mikono yangu ndiyo iliyomimina mafuta, ikazishika nywele zile laini, ikagawa, ikaanza mstari wa kwanza. Nilipofika nyuma ya sikio nikaona nimekunja.

Simu ikaita. Ilikuwa Rehema, uso wake umejaa kioo chote, nyuma yake ukuta wa jikoni kwetu na moshi. Akaanza kunieleza habari za mbuzi, kisha akasogeza jicho karibu na kioo. Muna alikuwa ameingiza kichwa kwenye picha.

"Mama, huyo nani?" Rehema akauliza. "Na mbona umemsuka kama mimi?"

Niliona midomo ya mwanangu inavyoanza kukaza, na nikaijua kazi inayofanyika tumboni mwake. Simu ikatikisika upande wa pili. Nikamsikia Mama, mahali fulani karibu na jiko, sauti yake ya siku zote, hana haraka.

"Mwambie aliomba mwenyewe."

Nikamwambia.