Maji ya Boila

Nilikuwa mtu wa boila. Katika kiwanda chetu cha majani chai, juu kidogo ya Kericho, mimi nililiona hilo kuwa jambo kubwa. Majani yakinyaushwa, ni kwa mvuke wangu. Yakikaushwa, ni kwa mvuke wangu. Nilivaa ovaroli ya buluu yenye kalamu mfukoni, ingawa sikuwa na mengi ya kuandika, na nilitembea na kichupa cha dawa ya kupimia maji. Unatia matone machache kwenye maji: yakiwa mekundu, yana chokaa, yakiwa buluu, hayana. Watu waliniita daktari wa maji. Wengine walinitania tu, lakini nilijifanya sioni.

Katikati ya miaka ya tisini tulipata meneja mpya aliyehamishwa kutoka Pwani. Mkewe, ambaye sote tulimwita Madam, alikuja na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, na ndani yake kulikuwa na bahari. Sitanii. Kulikuwa na matumbawe ya zambarau yaliyofunguka mchana na kujifunga jioni, konokono waliopanda kioo polepole, kamba wenye masharubu marefu, na samaki wanne wa manjano. Kwetu Kipsigis wazee wengi wakati ule hawakumla samaki, walimhesabu pamoja na nyoka. Sasa mtu kumfuga samaki bila nia ya kumla, na kumlisha, na kumwashia taa! Kiwanda kizima kilicheka wiki nzima.

Aliyelitunza tangi hilo ni mama aliyefanya kazi ya nyumba pale kwa meneja, mjane wa kutoka Kimulot. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Aliishi na binti yake katika chumba cha kampuni nyuma ya nyumba ile kubwa, na binti alikuwa kidato cha tatu katika shule ya kutwa iliyokuwa karibu. Kazi ikiisha, chumba kimeisha, na shule nayo imeisha. Kila mtu alilijua hilo, nami nililijua vizuri kuliko wengi, kwa sababu tulisali kanisa moja na mara nyingi Jumapili alinipa mursik, maziwa yetu ya mgando, katika kikombe cha bati.

Shida ilikuwa maji. Maji ya bomba yetu yalitoka mtoni, na mvua ikinyesha yalikuja na rangi ya chai kabla ya kuonja majani. Madam alinieleza kwamba chumvi ya bahari aliinunua kwenye pakiti, lakini maji ya kuikorogea lazima yawe matupu, yasiwe na kitu chochote ndani. Kwa maji yetu, kioo kilikuwa kimeota ukungu wa kijani na matumbawe yamenuna. Akanipa kitabu cha picha kutoka duka moja la Nairobi, kilichoandikwa kwa Kiingereza, chenye mitambo ya kusafisha maji ya nyumbani. Kulikuwa na chujio la mishumaa ya udongo, kama lile la maji ya kunywa. Kulikuwa na mtungi wa punje punje zinazonasa chumvi. Na kulikuwa na mashine ya mikebe mitatu iliyopangwa ukutani: wa kwanza unachuja tope, wa pili una makaa, wa tatu una ngozi nyembamba ambayo maji husukumwa kwa nguvu yapite ndani yake. Akaniomba nimchagulie.

Hebu fikiria. Mke wa meneja ananiomba mimi nichague. Nilikwenda na kile kitabu nyumbani, nikakiweka mezani mahali ambapo mgeni angekiona, na nikatazama picha. Kusoma sikusoma. Kiingereza chake kilikuwa kirefu, na tayari nilikuwa na jibu.

Jibu langu lilikuwa hili: hakuna haja ya mashine. Mvuke wa boila ukishapita kwenye mabomba ya kupasha joto vitanda vya kunyaushia majani, hupoa ukawa maji, na maji hayo hurudi kwenye tangi langu. Ni maji yaliyochemka yakapaa, uchafu wote umebaki nyuma. Niliyapima mbele ya Madam kwa dawa yangu, yakawa buluu papo hapo, buluu kama anga ya Januari. Akapiga makofi. Mashine ya mikebe mitatu, nikamwambia, inamwaga maji mengi kuliko yanayobaki, ni ya watu wasio na boila. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Yule mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kupangusia kioo. Akauliza kama hatungeweza kuyapitisha kwanza kwenye makaa. "Sisi kwa sotet tunapaka makaa ya mti wa senetwet ndiyo maziwa ikae vizuri," alisema. "Labda hata hii maji inataka hivyo."

Nikacheka. Nikamwambia mama, hii ni sayansi, si kibuyu cha maziwa. Madam naye akatabasamu kidogo, na yule mama akarudi kwenye kioo chake bila kinyongo chochote. Mkebe wa makaa nilikuwa nimeuona kwenye picha siku mbili kabla.

Nikawa napeleka maji ya boila kwa mitungi, yakishapoa. Wiki mbili za kwanza tangi liling'aa. Wiki ya tatu konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kioo, mmoja mmoja, wakalala chali mchangani. Kamba wakafa. Matumbawe yakajifunga yasifunguke tena, kisha yakawa meupe kama mifupa. Samaki wote wanne waliendelea kuogelea juu ya maiti hizo kana kwamba hakuna lililotokea.

Hapo ndipo nilipokisoma kile kitabu, kwa kamusi ya mtoto wa jirani, neno kwa neno. Ukurasa wa mwisho ulisema usitumie kamwe maji yaliyopita kwenye mabomba ya shaba, kwa sababu maji matupu huila shaba na kuibeba, na shaba kidogo sana inaua matumbawe, konokono na kamba, hata kama samaki wamevumilia. Mabomba yetu ya vitanda vya majani yalikuwa ya shaba. Tena chini ya mahali ambapo maji yale yalidondoka palikuwa na doa la kijani kwenye saruji, nami nilikuwa nikilifagia kila asubuhi kwa miaka sita. Dawa yangu ilipima chokaa. Shaba haikuijua, na mimi sikuwahi kujiuliza.

Kesho yake meneja aliniita nyumbani kwake. Madam alikuwa amekaa karibu na tangi, macho mekundu, na nusu ya maji yalikuwa yameshatolewa. Nilikuwa nimekuja na kitabu kwapani, nimekusudia kusema, naapa nilikuwa nimekusudia. Meneja hakuniuliza habari za boila. Alisema wao wanashuku sabuni, kwamba mama wa kazi aliosha kile kitambaa kwa sabuni ya kufulia na akapangusia kioo kwa ndani. Yeye mwenyewe alikana. Kwa kuwa mimi ni mtu wa maji, je, inaweza kuwa sabuni?

Sabuni ingewaua samaki kwanza. Nadhani mtu yeyote angejua hilo kama angefikiri kidogo, na mimi nilikuwa sijafikiri kitu kingine tangu jana. Nilitazama wale samaki wanne wa manjano. Nikaona ovaroli yangu, kalamu yangu, watu wakinitania kantini kwamba daktari ameua wagonjwa.

"Inaweza, bwana meneja," nikasema.

Mwisho wa mwezi yule mama akaachishwa kazi. Kabla ya lori la kuni kumbeba yeye na binti na kitanda chao, alikuja mpaka kwenye chumba cha boila, mahali ambapo hakuwahi kufika. Alikuwa na sotet yenyewe, kibuyu kizima, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Alisema amesikia niliitwa nikaulizwa habari zake. Alisema hata kama haikusaidia, Mungu ameona, kwa sababu katika nyumba ile mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mtu wa kwao. Nilikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Maziwa yale niliyanywa yote, siku tatu, na yalikuwa mazuri.

Mwezi uliofuata nilimshauri Madam anunue ile mashine ya mikebe mitatu. Nilisema maji ya boila yamepungua. Niliifunga ukutani mwenyewe, na ndani ya mwaka mmoja matumbawe mapya yalikuwa yakifunguka kila asubuhi, na wageni walioletwa kuliona tangi walionyeshwa mimi pia.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta yule mama kwenye foleni ya hospitali ya Kapkatet, mguu umevimba. Binti alikuwa amesimama kando yake na mtoto mgongoni. Shule ilikuwa imeishia pale pale kidato cha tatu. Alikuwa anachuma majani kwa watu. Mama alinishika mkono, hakuuachilia, akamgeukia binti.

"Unamkumbuka huyu? Ndiye alinitetea kwa meneja."

Binti akainamisha kichwa, akanishukuru kwa adabu sana. Foleni ilisogea, na nafasi ya kusema ilikuwepo, ndefu, hakuna aliyenikimbiza.

"Haikuwa kitu, mama," nikasema.