Taa za Duara

Jina la Mama Picha alipewa na wateja, naye hakulikataa, kwani lilimkaa. Mumewe pia ni mpiga picha, tena mzuri, lakini ukiuliza utaambiwa baba hupiga umati, mama hupiga sura. Harusini mume husimama nyuma kabisa na lenzi ndefu ya kuvuta mbali, nene kama mchi. Mama yuko mbele ya bibi harusi, anapiga soga huku akizungusha pete ya lenzi yake ya zamani mpaka jicho la mtu likae sawa. Lenzi hiyo haijilengi yenyewe. "Mashine ikilenga, picha ni ya mashine," husema, na hapo ukileta ubishi umeyataka mwenyewe.

Kompyuta hakuipenda tangu mwanzo. Kuchambua na kusafisha picha ni kazi ya mume, kule chumba cha nyuma cha studio, na yeye huletewa zikiwa zimeshachapwa. Kila zikija, mume humsifu mpaka acheke na kumwambia aache kumvisha kilemba cha ukoka. Alikuwa anatania, maskini.

Siku moja alitaka lenzi ya sura iliyo ndefu kidogo, maana maharusi wa siku hizi wanazungukwa na simu za ndugu hata mtu hapati pa kusimama. Akaenda kwa Fundi Kioo, muuza lenzi zilizotumika, ambaye duka lake ni jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakiingia, mmoja lazima atoke kwanza.

Fundi akamtandikia tatu juu ya kitambaa. "Hii ya milimita mia na thelathini na tano ni chuma kitupu, ya kuzungusha kwa mkono, nimeimulika haina ukungu. Hii ya mia mbili inavuta zaidi, ila mkono ukitetemeka kidogo imekula kwako. Na hii inajilenga yenyewe."

"Hiyo kampe babu yako." Mama Picha akafungua albamu aliyokuja nayo. "Nataka inayotoa hivi hivi, ila nisimame mbali kidogo."

Fundi akafunua kurasa, akarudi nyuma, akakunja uso. "Mama, hizi umepiga na ile lenzi yako?"

"Ningepiga na nini, mwiko?"

"Basi ulifungua lote tundu la kupitishia mwanga."

"Mimi? Huwa nalibana kidogo, siku zote. Si unajua?"

"Ndiyo maana nashangaa. Lenzi yako niliisafisha mwenyewe. Tundu lake linafungwa na vibati sita. Ukilibana, taa za nyuma zinatoka na pembe. Hizi zote ni duara. Halafu ona watu wa nyuma walivyosogezwa karibu. Hii ni lenzi ndefu. Si ya mzee wako hii?"

Hakuwa na ubaya wowote, aliongea kazi. Mama Picha akaomba kioo cha kukuzia. Ukurasa baada ya ukurasa, maharusi walikuwa wanacheka, lakini hawakumtazama yeye. Walitazama pembeni, kwa mtu aliyekuwa akiwachekesha. Kwenye picha moja, ukingoni, kulikuwa na kitu cha kijani kisichoonekana vizuri, ambacho siku zote alidhani ni pazia. Kilikuwa bega lake, na gauni lake la kijani. Mtu hawezi kupiga picha ya sura na bega lake likawemo humo humo.

Hakununua kitu. Alirudi studio, akamkuta mumewe mbele ya kompyuta, akaweka albamu juu ya kibodi.

"Za kwangu ziko wapi?"

Mume akaangalia ule ukurasa, akavua miwani. "Zilianza kutoka vibaya. Sikio liko sawa, jicho limepotea. Nikaweka zangu, nikidhani ni siku moja tu."

"Tangu lini?"

"Harusi ya mdogo wako."

Mtoto wa ndoa hiyo sasa anasoma shule.

"Nani mwingine anajua?"

"Watoto." Akaweka miwani mezani. "Na dada wa kazi. Sikutaka uumie, mama."

Macho kuchoka si msiba; miwani iko kila mtaa. Kilichomuuma ni kwamba walimwacha ainame mbele za watu, azungushe pete, aombe maharusi wainue kidevu, na nyumba nzima inajua ni mchezo. Kila sifa aliyopokea ilikuwa ya mtu mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kinaweza kukukuna mgongo huku kinakula. Alimchukia mumewe pale pale, wala hakuificha chuki yake.

Mlango ukagongwa. Akaingia msichana na mama yake, wamejaa bashasha.

"Mama Picha, harusi imekaribia na tunakutaka wewe," akasema yule mama. "Mzee atusamehe."

Mama Picha akamgeukia mumewe. "Waambie."

Wageni wakatazamana. Mume akasimama, akavuta viti viwili, akapangusa kimoja kwa kiganja.

"Karibuni, mmefika kwa mwenyewe," akasema. "Mambo ya sura mwachieni yeye. Mimi hapa ni msaidizi tu."

Alisema bila kusita, kwa upole, huku akimtazama mkewe usoni, na ndipo Mama Picha alipojua kwamba angeendelea hivyo mpaka mmoja wao afe.