Nafasi Kati ya Mafiga

Kabla ya kuwasha bani jipya la tumbaku, mume wangu aliingia ndani mchana wa jua kali, akaomba afungiwe mlango kwa nje. Nilikuwa mgeni kijijini, bibi harusi kutoka Tabora mjini, nikadhani wenzake wanamfanyia mzaha. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Bani ni nyumba ya tofali ya kukaushia majani ya tumbaku kwa joto la tanuri, na mtu akikaa gizani mle ndani huona kila ufa kwa mwanga unaopenya. Alipoona mwanga aligonga ukuta, na wenzake nje wakakandika udongo pale pale. Alitoka jasho likimtiririka, akasema, "Sasa joto halina pa kutorokea." Maneno hayo yalinikaa kichwani. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba moto una mahali unakokwenda.

Kwetu mjini baba alikuwa fundi bati, na tulipikia mkaa kwenye majiko aliyoyagonga mwenyewe. Mkaa alituletea mlangoni mtu wa baiskeli, nasi tukalalamika kwamba amechelewa. Huku kijijini, upande wa barabara ya Sikonge, mambo yalikuwa mengine. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wamekusanywa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, nyumba zimepangwa mistari, na shamba la tumbaku ni la wote. Mabani yaliwaka usiku na mchana msimu mzima, na miti ya karibu ikaisha upesi. Kuni zikawa mbali, kisha mbali zaidi.

Aliyezifuata alikuwa mama mkwe wangu. Mimi nilikuwa mjamzito, naye aliapa kwamba sitabeba hata kijiti. Nilimwita mayu, kama Wanyamwezi wanavyomwita mama, naye aliniita mwana wa mjini, hasa nilipoharibu kitu. Nyonga yake ilikuwa mbovu. Siku moja alianguka na mzigo kwenye korongo, akarudi akichechemea, kuni zote bado ziko kichwani, akakataa kusema ameumia wapi. Nilimwona anavyoushika ukuta ili akae chini, nikaogopa kwelikweli. Akianguka tena, pengine asingeinuka. Kumzuia asiende sikuweza, maana hakuna aliyewahi kumzuia mayu kitu. Basi nikaona dawa ni moja, jiko letu lipunguze kula.

Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha fito na udongo nyuma ya nyumba. Nami, kwa akili zangu nyingi za mjini, nikalikagua kama bani. Nilijifungia ndani mchana, nikaona mwanga kila mahali: kwenye kona, juu ya mlango, na ule uwazi mpana unaozunguka chini ya paa. Nilifurahi kama aliyemfumania mwizi. Mayu akiwa porini, nikakandika udongo mpaka mabega yakauma, nikaziba hata chini ya paa.

Jioni tukawasha moto. Moshi ulipanda, ukatafuta njia yake ya kawaida, ukaikosa, ukarudi kwetu. Tulitoka tukitambaa, machozi yakitububujika, na kuku aliyekuwa akiatamia pembeni akatutangulia mlangoni.

"Mwana wa mjini," mayu alisema alipoweza kupumua, "sisi ndio tumbaku?"

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanieleza kwamba bani lina mabomba yanayopitisha moshi hadi nje, joto likabaki. Jikoni kwetu moshi na joto vinatoka kwa njia moja. "Na wewe," akaniuliza, "unataka kupasha joto nini, nyumba au sufuria?" Nilikasirika, kwa sababu swali lilikuwa zuri na sikuwa nimejiuliza. Asubuhi nikaubomoa udongo wangu, ufa mmoja baada ya mwingine.

Nikaanza upya, safari hii kwa kiganja. Mayu akisonga ugali, mimi nazungusha mkono kuusikiliza moto, huku na huku, juu na chini. Niligundua kwamba upepo wa mlangoni uliusukuma moto upande wa pili, ndimi zake zikawa zinalamba ukuta badala ya sufuria. Tulipomaliza kula niliugusa ukuta ule nikaukuta bado wa moto, na mboga ilikuwa imeshapoa zamani. Tulikuwa tunaupikia ukuta! Nikasimamisha kipande cha mkeka kukinga upepo. Nikatazama pia kuni mbichi zinavyotoa povu kwenye ncha, nikaelewa kwamba moto unachemsha kwanza maji ya kuni ndipo ukumbuke maharage. Nikaanza kuanika kuni juani, na maharage nikayaloweka tangu jana yake.

Mayu aliyaita yote hayo mambo ya mjini. Lakini siku moja nilimkuta akifunika sufuria ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambayo siku zote aliichemsha wazi. Alipoona nimemwona, akajifanya anamfukuza kuku.

Kuni zilipungua, ila si sana. Nilijua moto mwingi bado unatoroka, na nilikosa raha kwa kutojua wapi. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza. Mafiga yetu, yale mawe matatu ya kuinjikia, yalikuwa makubwa na yameachana mno. Sufuria yetu ingetumbukia katikati, ndiyo maana ililazwa juu ya jembe kuukuu lililovushwa kutoka jiwe hili hadi lile. Nilikuwa nimepika juu ya jembe lile tangu niolewe, nikaliona jambo la kawaida. Siku hiyo, moto ukiwa umezimwa, nilipitisha mkono kati ya jiwe na sufuria, ukapita mpaka kiwiko.

"Mayu," nikasema, "tukiyasogeza haya mafiga yakaribiane?"

"Hayo hayasogezwi," alijibu, na sauti yake haikuwa ya utani.

Mume wangu ndiye aliyenieleza. Siku ya kuhama, lori lilipokuja kuwachukua kutoka makazi yao ya zamani, watu walipakia chakula na majembe. Mama yake alipakia mawe matatu. Hata dereva alicheka, akamuuliza kama huko waendako mawe yamekwisha. Alipakia na chungu chake kikubwa, kile kilichowalisha wanawe, wake zao na wajukuu, wote wakila uani pamoja. Chungu kilivunjika njiani. Na wanawe wengine wakapelekwa vijiji vingine, mmoja huko Ipole, mwingine upande wa Nzega. Alipofika aliyapanga mafiga kwa vipimo vya chungu ambacho hakipo.

Nilikuwa nimeutafuta moto unakokwenda kwa hamu ya kujua tu, na sasa nilitamani nisingepaona. Sikuyataja tena mafiga. Mayu akaendelea kwenda porini, mpaka siku aliyofika mlangoni akashindwa kuutua mzigo. Nikamtua. Akakaa pale pale chini, mkono kwenye nyonga, akipumua kwa shida.

"Mayu, ninaogopa," nikamwambia. "Ninataka mtoto huyu akukute."

Akaushika ukuta, akainuka, akaingia ndani. Asubuhi niliamshwa na jembe likigonga ardhi jikoni. Alikuwa akiyang'oa mafiga, peke yake. Jiwe moja aliliacha palepale, mawili akayasogeza, akaniita nilete sufuria. Aliijaribu, akaitoa, akalisogeza jiwe kidogo, akaijaribu tena, mpaka ikakaa bila jembe. Tukawasha moto. Nilizungusha kiganja changu nikakuta joto linapanda pale tu linapotakiwa. Maharage yaliiva, na nusu ya kuni nilizozitenga ikabaki pembeni, kavu.

Palipokuwa na yale mawe mawili pamebaki mashimo. Nikakanda udongo nije niyajaze, sakafu iwe sawa. Mayu akanishika mkono.

"Hapo acha," akasema. "Siku wakija wote, nitajuaje pa kuyarudisha?"

Nikautupa udongo nje. Mwanangu alipoanza kutambaa aliyaangukia mashimo yale kila mara, na mayu, aliyekuwa amekaa karibu na moto wake mdogo, ndiye aliyemtoa.