Spika Zisizoazimika

Watu wa kwetu naomba waelewe jambo moja: spika ndogo sikununua kwa shida. Ufuta mwaka ule ulitoka vizuri, na ningetaka ningerudi nyumbani na dude refu kama mlango, lenye mataa ya kuwaka na kuzima. Ndogo nilinunua kwa hila, na hila yenyewe ikanigeuka, ndiyo maana mpaka leo nikisimulia nanuna kidogo.

Kabla ya hapo nilikuwa na sabufa. Si sabufa la mchezo. Sanduku lake la besi lilikuwa kubwa kuliko meza yetu ya kulia, na mgeni akiingia sebuleni mara ya kwanza alikuwa analiwekea kofia juu. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za kupulizia dawa mikorosho, zile za kubeba mgongoni, kwa hiyo waya na skrubu havinitishi. Likikoroma nalifungua, nalifunga, linaendelea. Nililipenda. Niseme ukweli, nililipenda kupita kiasi.

Tabu ni kwamba halikuwa langu. Kwetu ukinunua sabufa umewanunulia ukoo na kijiji. Wiki ya kwanza tu dada yangu mkubwa alikuja kunieleza kwamba mwanawe wa mwisho anatoka jandoni, na mjomba wa mtoto ni mimi. Huku kusini mtu akishakutajia ujomba, maneno yamekwisha. Unachouliza ni usafiri tu. Baada ya dada wakaja majirani, wakaja watani, wakaja watu niliowahi kukutana nao mara moja kwenye foleni ya salfa, ile dawa ya mikorosho. Sabufa likaenda Marambo kwenye harusi, likaenda Kiegei kwenye unyago, likaenda Kilimarondo likarudi na michubuko ambayo hakuna aliyeweza kuieleza. Lilikuwa linafungwa nyuma ya bodaboda peke yake, na nauli linalipiwa ya mtu mzima.

Na mimi nipo kwenye bodaboda ya pili, nalifuata. Sikumwamini mtu kulishika. Kila Jumamosi niko uani kwa watu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya waya, nageuza vitufe na kukunja uso kama daktari. Wakaniita fundi mitambo, nikavimba kichwa. Hakuna aliyenilazimisha. Mtu akiniambia, "Tuachie tu fundi, tutalishika wenyewe," nilimwona hana adabu.

Sasa Jumamosi moja mke wangu aliamka na homa. Aliniambia, "Leo usiende." Nikamwambia nakwenda kuwasha tu, narudi sasa hivi. Nilikuwa Marambo naongeza besi wakati jirani yetu, mama mmoja mwenye huruma kuliko mimi, anampeleka hospitali, amemshikilia kwenye pikipiki asidondoke. Simu walinipigia mpaka wakachoka. Nani atasikia simu mbele ya muziki ule? Nikarudi jioni na hotpoti ya pilau, nikakuta mlango umepigwa kufuli na yule jirani amekaa kizingitini ameshika ufunguo. Salamu yangu hakuitikia. Nilipofika wodini mke wangu aliitazama ile hotpoti, akanitazama mimi, akageukia ukutani. Aibu niliyoiona siku ile sitaki kuiona tena duniani.

Alipona, alhamdulillahi. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kuanzia kuomba radhi. Alisema maneno mawili matatu tu, akiwa anachambua mchele: "Likifa hilo ukanunua lingine kubwa, mimi nakwenda kwetu Kilimarondo. Sitabaki hapa kulinda nyumba ya mtu anayeishi kwenye shughuli." Na kwao Kilimarondo tembo wanaingia mpaka mashambani. Mke akiona heri tembo kuliko wewe, jamani, ujipime.

Nikajipima. Shughuli iliyofuata ilikuwa Kiegei, nikaliacha sabufa liende peke yake kwa mara ya kwanza. Lilirudi maiti. Kina mama wa unyago waliliona pana, tambarare, limekaa vizuri, wakatua juu yake ndoo ya togwa. Ndoo ikapinduka. Lilipofika kwangu lilikuwa linanuka uchachu na sisimizi wameshahamia na watoto wao. Nililifungua, nikalifunga, halikuendelea.

Tukakaa miezi kadhaa nyumba kimya. Mwanzoni mke wangu alifurahi, halafu akaanza kuimba mwenyewe jikoni, halafu siku moja akasema, "Lakini zile nyimbo za zamani za Jumamosi mchana nazikosa." Hapo ndipo hila iliponijia. Nitanunua spika ndogo, nikawaza. Ndogo kiasi kwamba hakuna binadamu mwenye akili atakayezitamani kwa shughuli yake. Watakuja, wataziona, watanionea huruma, watakwenda kuazima kwa mwingine.

Nilianzia Nachingwea mjini. Kijana wa dukani akanipokea kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu. Cheki hii ngoma, wati elfu kumi, inapiga hatari."

"Marahaba. Wati elfu kumi, hiyo inasaga na mahindi?"

"Imeandikwa hapo kwenye boksi, mzee."

Mtu aliyezoea mashine hadanganywi na karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Nikamwambia nataka ndogo. Akauliza ndogo kiasi gani. Nikamjibu, "Ndogo ya kudharaulika." Akaniletea kidubwasha cha plastiki chenye taa za kijani na buluu, nikakinyanyua kwa kidole kimoja. Kitu cha kutoa sauti hakiwi chepesi namna hiyo, lakini bei ilikuwa inavutia, na kilipopigwa mimi nilikiona safi tu. Shida ni kwamba masikio yangu yameharibiwa na mashine za mikorosho miaka na miaka. Kwangu karibu kila kitu ni safi. Nikampigia simu mke wangu nikaisogeza karibu na kile kidude asikilize. Akasikiliza kidogo, akasema, "Umeweka mbuzi ndani ya debe?" na kukata.

Ndiyo tukaenda Ruangwa pamoja. Kuna mfanyabiashara pale anauza vyombo vya umeme vya mtumba kutoka Dar, vingine vizima, vingine vya kuombea dua. Nilijiona niko nyumbani. Nilizigonga spika kwa kifundo cha kidole kusikia kama ni mbao au plastiki. Nilibonyeza taratibu mpira unaozunguka ile karatasi ya mbele, kuona kama umekauka. Nilizinyanyua moja moja kupima uzito. Muuzaji akaniambia, "Mzee wewe hununui spika, wewe unanunua mbuzi wa Idi."

Mke wangu akauliza, "Kutoka kigodani kwako pale kibarazani mpaka jikoni kwangu ni hatua ngapi?" Sikujua. Yeye alijua: kumi na mbili. Akatoka nje ya duka, akahesabu hatua kumi na mbili mpaka ng'ambo ya barabara, akasimama pale na mkoba wake. Akamwagiza muuzaji aweke wimbo wowote usio na fujo, kwa sauti ya kawaida ya mtu kusikiliza nyumbani. Muuzaji akawasha spika za kwanza. Mke wangu akafungua mdomo ng'ambo kule, akasema kitu.

"Nini?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Spika za pili zikawashwa.

"Unasemaje?"

Akatikisa kichwa tena. Sasa watu wameanza kusimama. Bodaboda mmoja amezima pikipiki kabisa ili asikose. Spika za tatu zilikuwa mbili za mbao, kila moja urefu wa chupa ya chai, kitambaa cheusi mbele, zinaendeshwa na amplifaya ndogo isiyozidi msahafu wangu. Sikuzitazama hata mara mbili. Muuzaji akaziwasha. Nikasikia gitaa, nikasikia mwimbaji, halafu katikati yao, bila yeye kupaza sauti, nikamsikia mke wangu:

"Baba watoto, chumvi imekwisha."

"Mama, duka la chumvi lile pale!" yule bodaboda akamwelekeza, watu wakacheka.

Mke wangu hakucheka. Alivuka barabara akaweka mkono juu ya zile spika. "Hizi," akasema. "Hizi mtu anasikiliza huku anasemeshwa." Bei tulivutana kidogo kwa sababu mnunuzi anayejiheshimu ni lazima avute kamba, lakini zilikuwa rahisi kuliko nauli zote lililowahi kulipiwa lile sabufa. Tulirudi mishikaki kwenye pikipiki moja, dereva, mimi, spika, mke wangu nyuma kabisa amezikumbatia na mimi pamoja.

Nyumbani niliziweka kibarazani juu ya matofali mawili mawili, mbali na kona, maana kwenye kona zilikuwa zinavuma. Jumamosi ya kwanza nilikaa kigodani na kabureta ya mtu mapajani, yeye akimenya karanga. Jumamosi ya pili vilevile. Nilishangaa kugundua kwamba mke wangu anajua mashairi ya nyimbo zote, hata yale ya katikati ambayo mimi siku zote nilikuwa nayafunika kwa besi. Tulikuwa na raha. Nasema raha, na sioni haya.

Hila pia sikuiacha. Kila aliyeniuliza mnadani nilimjibu, "Aa, takataka tu, za kusikilizia taarifa ya habari." Nilizikashifu mpaka nikazionea huruma. Nisichokijua ni kwamba mke wangu, kila akienda bombani kuteka maji, alikuwa anawasimulia wenzake kwamba spika zetu zinakusikilizisha mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi.

Alhamisi moja dada yangu mkubwa akaingia uani amebeba kikapu. Ndani ya kikapu ametandika khanga. Nikajua kabla hajakaa.

"Jumamosi tunamtoa mwali, mjukuu wangu," akasema. "Nimeambiwa una vispika."

"Dada, vile havifai kwa shughuli. Watu hawatasikia."

"Watu wenyewe wa uani kwangu tu. Halafu uzuri wake havitaki bodaboda. Naviweka humu, naondoka navyo."

Nilikaa nikaitazama hila yangu inavyokufa. Lile sabufa angalau lilikuwa linahitaji wanaume wawili, kamba na nauli. Watu wengi walishindwa nauli wakaghairi. Hizi ndogo, nilizozichagua mwenyewe kwa akili zangu zote, zinaazimwa na bibi mwenye kikapu. Kijiji kizima kina vikapu.

Nikamgeukia mke wangu nikitumaini atakataa yeye, nami nisingizie mke. Wala hakuwa anazitazama spika. Alikuwa ananitazama mimi, karanga zimesimama mkononi, uso ule ule wa wodini. Nikaelewa kwamba kwake spika kwenda au kubaki halikuwa jambo kubwa. Kuna kitu kimoja tu alichokuwa anasubiri kuona kama kitatoka uani pamoja na kile kikapu.

"Chukua," nikamwambia dada. "Waya mwekundu unaingia kwenye nyekundu, mweusi kwenye nyeusi. Usiweke ndoo juu."

"Si utakuja kuzishika mwenyewe?"

"Sitakuja."

Dada akaniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Unaumwa?"

"Mzima. Jumamosi nipo nyumbani."

Akaondoka na kikapu kichwani, anageuka geuka kunitazama mpaka njia ilipokata. Mke wangu akaendelea kumenya karanga. Nyingine aliniwekea mapajani, juu ya kabureta niliyokuwa natengeneza.

Jumamosi ikafika. Kwa dada ni hapo tu, ukimaliza mikorosho yetu. Baada ya swala ya adhuhuri muziki ukaanza, na nikiri kwamba ulinifikia safi, na vigelegele juu yake. Nilikaa kigodani mbele ya matofali matupu, mikono haina kazi. Mke wangu alikuwa jikoni anachemsha ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

"Wanapiga vizuri," akasema.

"Hawajambo," nikajibu.

Mara mpumbavu mmoja akaongeza besi. Nilimsikia. Masikio yangu haya mabovu, hayo yaliyoshindwa kusikia simu ya homa, yalisikia kutoka nyuma ya mikorosho jinsi ile karatasi ya mbele inavyolia, inapigwa kupita nguvu zake. Dakika mbili tu, nikawaza. Nakwenda kupunguza tu, narudi sasa hivi. Nilishasimama. Kandambili moja nilishaivaa, ya pili naitafuta kwa mguu.

"Baba watoto," mke wangu akasema kutoka jikoni, hatua kumi na mbili, bila kupaza sauti, "chumvi imekwisha."

Chumvi haikuwa imekwisha. Niliinunua mwenyewe jana yake, pakiti mbili. Nikavua ile kandambili, nikaketi.