Kiti Kisicho na Mahali pa Miguu

Siku niliyomtupia katibu wa timu mpira kifuani, nilikuwa nimevumilia wiki tatu. Alisimama ukingoni mwa uwanja, mikono mifukoni, akaniambia mbele ya wenzangu wote:

"Mama, miguu yako hata haitembeake. Unaitafutia mahali ya nini?"

Mpira wa kikapu ni mzito. Alikaa chini bila kupenda.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alitugawia karatasi za wafadhili zenye mchoro wa kiti cha magurudumu cha michezo, tuchague kila mtu cha kwake. Niliazima mita kwa jirani mshonaji. Binti yangu alishika ncha moja nami nikashika nyingine. Nyonga zangu ni nyembamba, nikataka kiti chembamba. Mgongo wangu una nguvu, nikaomba egemeo fupi. Magurudumu nilitaka yalale kidogo, yageuke haraka. Na chini, ubao wa miguu wenye mkanda. Polio ilinichukulia nguvu za miguu nikiwa mdogo, lakini miguu yenyewe ipo, mirefu na ya baridi, na maumivu inayasikia yote. Nilijaza kila kisanduku kwa herufi nzuri, kama mtihani wa mwisho wa sekondari.

Kisha, katikati ya msimu wa mvua, kapiteni wetu alikufa. Homa ya siku nne tu. Lori lilikuwa limemkata miguu yote miwili juu ya magoti zamani, barabara ya Kambove. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye kicheko, na mahali pake palikuwa kushoto mwa goli. Kabla ya kutupa mpira alipiga gurudumu makofi mawili. Pa, pa. Tulimzika, tukaendelea kucheza, upande ule wa kushoto ukabaki wazi. Hakuna aliyesema tuuache. Tuliuacha.

Viti vilifika vimefungwa kwa plastiki, kila kimoja na lebo. Changu kiliandikwa jina langu, hilo nililisoma mara mbili. Nilihama kutoka kwenye baiskeli yangu ya mikono, ninayotembelea kila siku, nikakaa. Nyonga zangu zikacheza ndani kama maharage mawili ndani ya sufuria. Egemeo lilinifika mabegani. Nikatafuta ubao wa miguu, sikuupata. Haukuwa umevunjika, haukuwa umesahaulika. Chuma kilikuwa kimekatwa laini na kupakwa rangi, kiti kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu asiye na miguu ya kuweka. Miguu yangu ikaning'inia hewani.

Niliifunga kwa kitenge, nikacheza. Lubumbashi tulikuwa na mechi baada ya miezi miwili, na mimi niliitaka mechi ile kuliko chakula. Lakini kitenge kililegea, vidole vikakwaruza saruji, vikatoa damu. Mwamuzi akiona mguu unagusa chini, anapiga filimbi. Kwa kiti kile nisingecheza hata robo.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Kiti kilivuta kushoto. Nikisukuma sawasawa, mikono yote miwili, bado najikuta kushoto mwa goli, kwenye saruji ile tuliyoiacha wazi. Wenzangu walirusha mpira huko bila kutazama, na mpira ulinikuta. Alasiri moja mmoja akapaza sauti, "Kapiteni, tupa!" Wote wakasimamisha magurudumu. Nilikuwa nimeinua mpira, na mkono wangu ulikuwa umetoka tu kupiga gurudumu. Pa, pa. Mimi sina desturi hiyo.

Binti yangu ana miaka mitano, na hupenda kupanda mapajani mwangu nikimaliza mazoezi. Kwenye kiti kile alikataa.

"Panda, mama," nilimwambia.

"Hapana. Muko muntu mu kiti."

"Muntu gani? Ni minye, mama yako."

Alinitazama usoni, kisha akatazama pale kando ya mwili wangu palipobaki nafasi, upande wa kulia na upande wa kushoto. Akaenda kusubiri ukutani.

Mama yake kapiteni ndiye aliyenifungua macho. Hakuwa amekanyaga uwanjani tangu mazishi. Siku ile alikuja na karanga zake za kuuza, akaniona kwa nyuma, na sahani ikamponyoka. Alinijia polepole. Hakunigusa mimi, aligusa egemeo. Akalipima kwa shubiri, kutoka kwenye kikalio hadi juu.

"Hii ni mugongo ya mutoto yangu," alisema. "Ni minye nilishika mita."

Nikamwita katibu. Wala hakuona haya.

"Karatasi ya kapiteni ilikuwa imekwisha kubaliwa na wafadhili. Nilibadilisha jina tu, nikaweka lako. Ningeirudisha, tungepoteza kiti."

"Na karatasi yangu?"

"Iko mu tiroir ya meza. Utazobelea kiti kidogo kidogo, mama. Yeye alikuwa akikaa bien, muzuri kabisa."

"Yeye amekufa! Minye niko na miguu!"

Hapo ndipo aliposema neno lile la miguu yangu, na mpira ukaenda. Mama yake kapiteni, akiokota karanga zake chini, hakuinua hata kichwa.

"Tena," alisema.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya mambo ya jamii, baiskeli ya mikono ikikivuta kiti nyuma kwa kamba. Njia nzima nilisikia magurudumu yakipapasa upande wa kushoto. Karani alisoma barua yangu, akacheka.

"Mama, unashitaki nani sasa? Sekretere ao marehemu?"

"Piga muhuri."

Alipiga, juu ya nakala zote mbili. Niliandika kwa Kifaransa, ndicho wanachokiheshimu. Kwa lugha yetu inasema hivi:

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini, mchezaji, mama wa mtoto mmoja, ninalalamika kwamba katibu wa timu aliweka jina langu juu ya vipimo vya marehemu bila kuniuliza na bila kumwuliza mama yake. Ninaomba karatasi yangu itolewe kwenye droo na kutumwa. Ninaomba jina langu libanduliwe kwenye kiti hiki, na mama wa marehemu aamue kiende wapi. Vipimo vyangu ni hivi: nyonga, sentimita thelathini na mbili; egemeo, ishirini na tano; miguu, miwili. Niko hai, na ninaomba nipimwe mimi."